TIMU NI MALI YA NANI?

Tarehe 29 Novemba 2022, katika uwanja wa Highland Estates ulioko Ubaruku, wilayani Mbarali, wakulima wa mpunga na vibarua wa mashamba waliona kwa macho yao jambo ambalo miji mikubwa ya nchi hii ilikuwa imelingoja kwa muda mrefu bila kulipata. Yanga ya Dar es Salaam, iliyokuwa imecheza michezo 49 ya Ligi Kuu pasipo kufungwa, ilifungwa mabao mawili kwa moja. Walioifunga walikuwa Ihefu, timu ya wilaya, iliyokuwa katika msimu wake wa pili tu wa Ligi Kuu. Siku ile Mbarali haikuwa tena mahali ambapo abiria wa mabasi ya Mbeya hupapita wakiwa wamelala. Nchi nzima ilipauliza jina.

Leo msomaji wetu akienda Ubaruku kuitafuta timu ile hataiona. Kabla msimu wa 2023/24 haujaisha, Ihefu ilikuwa imekwisha kuhamishiwa Singida, ikichezea huko michezo ya nyumbani; na msimu uliofuata hata jina likafutwa, timu ikaitwa Singida Black Stars. Ihefu ni jina la bonde oevu la Usangu ambamo maji ya Ruaha Mkuu hukusanyika kabla ya kuteremka. Bonde halikwenda Singida. Kilichokwenda ni nafasi katika Ligi Kuu, ile nafasi iliyopatikana kwa jasho la uwanjani, na ikawa kama mzigo unaopakiwa garini na kuteremshwa penye mnunuzi.

Hatusemi kwamba sheria ilivunjwa. Wala hatuna ugomvi na ndugu zetu wa Singida, ambao wao wenyewe wameionja huzuni ya namna hii: Singida United yao ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017, ikashuka mwaka 2020. Tunalouliza ni jambo moja, nalo twaliuliza kwa sababu linawahusu watu wa Mbeya na Iringa kuliko watu wa mahali pengine po pote: timu ya kulipwa, katika ligi ya taifa, ni mali ya nani? Ni ya yule mwenye karatasi mkononi, au ni ya wale waliosimama mvuani kuishangilia? Maana ikiwa ni ya mwenye karatasi peke yake, basi watu wa Nyanda za Juu Kusini wajue tangu sasa kwamba wanashangilia kitu cha kuazima.

Msomaji asidhani kwamba haya ni maradhi ya Waafrika peke yao, au kwamba yameanza jana. Tutazame kidogo mpira wa kikapu wa Marekani, ambao leo vijana wetu huutazama katika simu zao usiku wa manane, wakidhani kwamba ulizaliwa tajiri. Ligi ile ilianza tarehe 1 Novemba 1946, kwa mchezo uliochezwa Toronto, New York wakishinda kwa pointi 68 dhidi ya 66. Timu zilikuwa 11. Msimu wa kwanza ulipokwisha, nne zilikuwa zimekufa, na hao Toronto wenyewe walikuwa miongoni mwa wafu. Mwaka 1949 ligi hiyo iliungana na ligi nyingine iliyokuwa imejikita katika miji midogo ya viwanda, ndipo ikapata jina la NBA. Timu zikafika 17. Mwaka mmoja baadaye miji kama Anderson, Sheboygan na Waterloo ilikuwa imetoka. Kufikia mwaka 1955 zilibaki nane tu.

Sasa angalia jambo la kustaajabisha. Mwaka huo wa 1955 fainali ilichezwa baina ya Syracuse na Fort Wayne, miji miwili ya watu wa viwandani. Timu ya Fort Wayne ilianzishwa na tajiri mmoja, Fred Zollner, aliyekuwa na kiwanda cha kuyeyushia chuma na kutengeneza pistoni. Wachezaji wake wa mwanzo walikuwa wafanyakazi wa kiwanda hicho, na timu ikaitwa Pistons. Syracuse walishinda mchezo wa mwisho kwa pointi 92 dhidi ya 91. Tofauti ya pointi moja! Lakini baada ya miaka miwili tu Fort Wayne hawakuwa na timu, maana mwenyewe aliihamishia Detroit mwaka 1957. Mwaka uo huo Rochester, waliokuwa mabingwa mwaka 1951, wakaona timu yao ikihamia Cincinnati. Syracuse, mabingwa wa 1955, wakanyang'anywa yao mwaka 1963, ikaenda Philadelphia. Ubingwa haukuwaokoa. Kombe lilibaki katika vitabu, timu ikaenda kwenye mji mkubwa zaidi.

Mambo hayo yangali yakitendeka huko hata katika siku zetu. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alipochaguliwa wa pili katika Marekani yote mwaka 2009, sote tulifurahi, na ilikuwa haki yetu kufurahi. Timu iliyomchagua ilikuwa ya Memphis. Ni wachache waliojua kwamba miaka minane tu nyuma timu hiyo ilikuwa Vancouver, katika nchi ya Kanada, ikahamishwa mwaka 2001. Baadaye akachezea Oklahoma City, nayo ilikuwa imetoka Seattle mwaka 2008. Kijana wetu alipita katika nyumba mbili ambazo wenyeji wake wa kwanza walikuwa wangali wakizililia kwingine.

Basi turudi nyumbani, kwa maana hayo ya Marekani tumeyaleta yawe kioo tu.

Ligi ya taifa ya kandanda ilianza nchini mwaka 1965, na bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland ya Dar es Salaam, ambayo leo ni Simba. Tangu hapo ubingwa umezungukia Kariakoo, mtaa wa Msimbazi na mtaa wa Jangwani, kama maji yanayozunguka kisimani. Mara chache sana umetoka nje ya mji huo. Moja ya mara hizo ni mwaka 1986. Tukuyu Stars, kutoka Rungwe, mahali pa chai na ndizi na mvua isiyokwisha, walitwaa ubingwa wa Tanzania katika msimu wao wa kwanza wa ligi hiyo. Wazee wa Tukuyu wakilisimulia jambo hilo husimama. Hatujawahi kumsikia mzee akilisimulia akiwa ameketi. Lakini muulize mzee huyo timu iko wapi sasa, naye ataketi. Tukuyu Stars haikudumu juu. Kizazi kizima kimezaliwa na kuoa bila kuiona katika ligi ya juu.

Watu wengi husema: ile ilikuwa zamani, mpira ulikuwa wa ridhaa, hapakuwa na fedha. Kwa hiyo tunataka tuuchukue msimu mwingine, ulio karibu nasi, wa wakati ambapo wachezaji walikwisha kuitwa wa kulipwa, na televisheni zilikwisha kuingia. Nao ni msimu wa 2013/14.

Mbeya City iliundwa mwaka 2011 chini ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya. Miaka miwili baadaye ilikuwa imekwisha kupanda Ligi Kuu. Mwalimu wake alikuwa Juma Mwambusi, na wachezaji wake walikuwa vijana ambao majina yao hayakuwa yamewahi kuandikwa kwa herufi kubwa katika gazeti lo lote. Walipoanza, wajuzi wa mjini walisema ni timu ya kupanda na kushuka. Wakatoka sare na Yanga pale Mbeya. Wakaenda Dar es Salaam wakatoka sare na Simba. Mzunguko wa kwanza ukapita, nao wangali juu. Tulio wengi tunakumbuka jinsi Uwanja wa Sokoine ulivyogeuka zambarau msimu ule: kina mama wa Soko la Mwanjelwa, makuli, wanafunzi wa vyuo, madereva wa malori ya Tunduma, watumishi wa halmashauri waliotoka kazini kabla ya saa (Mungu awasamehe), wote wamevaa rangi moja. Na timu iliposafiri, mabasi yaliisindikiza. Watu walilala njiani, wakala mkate mkavu, wakaingia viwanja vya ugenini wakiimba.

Tarehe 13 Aprili 2014 Azam walikuja Sokoine. Walikuwa hawajafungwa msimu mzima, na wakishinda siku ile wanakuwa mabingwa kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Wakashinda, mabao mawili kwa moja. Tulisikitika, lakini tuseme kweli, hakukuwa na aibu katika kushindwa kule. Msimu ulipofungwa, Azam walikuwa na pointi 62, Yanga 56, na wa tatu ni Mbeya City, pointi 49, kwa michezo 26. Simba wa Msimbazi walikuwa wa nne, kwa pointi 38. Timu ya halmashauri, katika mwaka wake wa kwanza, iliitangulia Simba kwa pointi 11! Mwezi Mei 2014 vijana wale walikuwa Khartoum, wakicheza Kombe la Bonde la Mto Nile.

Kisha ikawa nini? Ikawa lile lililo desturi. Walio na fedha wakaja na mifuko yao. Deus Kaseke akaenda Yanga mwaka 2015. Mwalimu Mwambusi mwenyewe akaenda Yanga mwishoni mwa mwaka huo, kuwa msaidizi. Hatumlaumu mtu aliyeitwa kwenye ujira bora akaitika. Fundi ye yote wa Uyole au Sido angefanya vivyo hivyo, na mke wake angemshangaa kama asingefanya. Tunaloliona ni kwamba klabu haikuwa na kitu cha kumfanya mtu afikiri mara mbili. Mabasi ya washabiki yakapungua. Mwaka 2023 Mbeya City wakashuka daraja, waliposhindwa na Mashujaa wa Kigoma katika michezo ya mchujo. Wamekaa chini misimu miwili, wakarudi Ligi Kuu kwa msimu wa 2025/26.

Iringa nako hadithi ni ile ile, umbo tu ndilo limebadilika. Lipuli, Wanapaluhengo, walirudi Ligi Kuu mwaka 2017, wakipanda pamoja na jirani zao Njombe Mji. Njombe Mji walidumu msimu mmoja. Lipuli walikaza, na tarehe 1 Juni 2019 wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho, iliyochezwa Uwanja wa Ilulu, Lindi. Mtu aangalie ramani aone Iringa ni wapi na Lindi ni wapi, ndipo ajue washabiki wa Iringa walijitwika nini siku ile. Wakafungwa na Azam bao moja kwa bila. Msimu uliofuata mwalimu wao, Selemani Matola, hakuwa nao tena. Na mwaka 2020, mwaka mmoja tu tangu fainali ile, Lipuli wakashuka. Mbeya Kwanza nao walipanda mwaka 2021 wakashuka mwaka 2022. Ukizihesabu timu zilizopanda kutoka nyanda hizi katika miaka kumi na tano iliyopita, utadhani ardhi yetu ina rutuba ya kuotesha timu na sumu ya kuziua.

Wapo wanaosema kwamba ni uvivu wa wachezaji, wapo wanaosema ni uchawi, na wapo wanaosema ni hila za Dar es Salaam. Sisi twasema tutazame mshahara.

Kwa maana neno hili «mchezaji wa kulipwa» tumelipokea kwa furaha bila kulitazama vema. Mtu wa kulipwa ni mfanyakazi. Ana mkataba, ana saa za kazi, ana kodi ya nyumba, na mwili wake ndio jembe lake, nalo jembe hilo huisha makali kabla hajafika miaka thelathini na tano. Mfanyakazi wa kiwanda asipolipwa miezi mitatu, chama cha wafanyakazi husimama, na gazeti hili limesimama pamoja nacho mara nyingi. Mchezaji asipolipwa miezi mitatu huambiwa avumilie kwa ajili ya jezi. Ati aipende timu! Je, mwenye nyumba wake naye anaipenda timu? Kanuni za FIFA tangu mwaka 2018 zinampa mchezaji ambaye hakulipwa mishahara miwili haki ya kumpa mwajiri taarifa ya siku 15, na asipolipwa, kuuvunja mkataba. Kanuni hiyo ni njema, lakini ni wangapi katika vijana wetu wanaoijua? Na anayeijua, ni nani atakayemwandikia barua hiyo? Chama cha wachezaji, SPUTANZA, kipo. Yafaa kila mchezaji wa Mbeya na Iringa awe mwanachama wake kabla hajatia sahihi mkataba wake wa kwanza.

Msomaji mwaminifu atauliza: fedha zitatoka wapi? Ni swali la haki. Timu ya Mbeya haichezi Mbeya tu. Inakwenda Bukoba, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Inakwenda Kigoma, Mwanza, Tanga. Basi, mafuta, vyumba vya kulala, chakula cha watu thelathini. Uwanja hujaa Simba au Yanga wakija. Wakiondoka, hubaki wale wapenzi wa kweli na mbwa wawili watatu. Fedha za televisheni zipo: mwaka 2021 Azam Media ilitia sahihi mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Ni fedha nyingi kuliko zote zilizowahi kuingia katika kandanda yetu, nazo zimesaidia. Lakini zikigawanywa kwa miaka, na tena kwa vilabu, kisha zikatolewa gharama za barabara, zinabaki za kuanzia tu.

Hapa ndipo tunapokuta somo kwa Tanzania Prisons. Timu hii ya Jeshi la Magereza, yenye makao Mbeya, haikuimbwa kama Mbeya City wala kuliliwa kama Tukuyu Stars. Watu hawajazi mabasi kwa ajili yake. Lakini imedumu katika Ligi Kuu msimu baada ya msimu, wakati wenzake wanapanda na kuanguka. Sababu haihitaji mganga. Wachezaji wake wengi wamekuwa watumishi, na mwisho wa mwezi mshahara wa mtumishi huja, ashinde asishinde. Tumbo lililotulia hucheza vizuri dakika ya themanini.

Je, basi kila timu iwe ya jeshi au ya shirika? Hapana. Shirika nalo hubadilika. Mbeya ilipata kuwa na Mecco, timu ya kampuni ya ujenzi ya umma, iliyocheza ligi ya juu; leo kijana wa Mbeya ukimtajia Mecco atakuuliza kama ni duka. Na tumekwisha kuona kwamba Fort Wayne nako timu ilikuwa ya kiwanda. Kiwanda kilikuwa na mwenyewe, mwenyewe akahama nayo. Timu inayokaa juu ya nia njema ya mtu mmoja, au ya ofisi moja, hukaa kwa muda ule ambao nia hiyo inadumu.

Ndiyo maana twapenda kuwataja watu wa Green Bay. Huu ni mji wa Marekani wenye watu wapatao laki moja tu, mdogo kuliko Mbeya kwa mbali, nao una timu ya kulipwa katika mchezo wao ule wa mpira wa Kimarekani, katika ligi ile ile ya New York na Chicago. Timu ilipokaribia kufa kwa madeni, mwaka 1923, waliuza hisa kwa wananchi. Wakauza tena mwaka 1935, na mwaka 1950, na mara kadhaa baadaye, mara ya mwisho tukijuavyo mwaka 2021. Leo wenye hisa ni zaidi ya nusu milioni. Hisa hizo hazitoi gawio hata senti moja, wala haziuzwi sokoni kwa faida. Mwenye hisa hupata karatasi, na haki ya kupiga kura, na jambo moja kubwa: hakuna tajiri awezaye kuinunua timu ile na kuipakia garini. Miji mingine yote midogo iliyoanza pamoja nao imekwisha kupoteza timu zake. Green Bay wangali nayo, na wamekuwa mabingwa mara nyingi kuliko wote. Nchi yenye mabepari wengi kuliko zote duniani ndiyo iliyotupa mfano huu, na sisi tunaosema ujamaa midomoni tunauza timu kwa mtu mmoja. Jambo hili lingetuchekesha kama lisingekuwa letu.

Tutaambiwa kwamba wananchi wetu ni maskini, hawawezi kununua hisa. Tunaomba wanaosema hivyo waende Rungwe. Wakulima wadogo wa chai wa wilaya ile, kwa kuungana katika chama chao, walipata kushika hisa katika kampuni ya Wakulima Tea yenye kiwanda Katumba. Hao ni watu wa robo eka na nusu eka. Mtu aliyeweza kushika sehemu ya kiwanda chenye mitambo ashindwe kushika sehemu ya timu ya mpira? Hisa moja iwe kwa bei ya debe la mahindi. Mwenye debe moja awe na kura moja, na mwenye madebe mia naye awe na kura moja. Vyama vya ushirika vya mpunga vya Mbarali, wafanyakazi wa chai na karatasi wa Mufindi, walimu, wauguzi, madereva: hao ndio waliosimama mvuani, na hao ndio wa kuandikwa katika daftari. Tajiri akitaka kusaidia, aje. Mlango usifungwe, na jina lake liandikwe kifuani pa jezi kwa herufi kubwa apendavyo. Ila katika katiba ya klabu pawe na kifungu kisemacho kwamba nafasi ya timu katika ligi haitoki katika mkoa wake pasipo kura ya wanachama wote. Na kifungu cha pili, kwamba katika kila shilingi inayoingia mishahara ya wachezaji hutolewa kwanza, kabla ya posho za viongozi na kabla ya safari za viongozi. Tunavitilia mkazo vifungu hivi viwili kuliko mengine yote.

Wala hatuwezi kuandika haya na kujisahau wenyewe. Uwanja wa Sokoine, wenye jina la Edward Moringe Sokoine, na Uwanja wa Samora kule Iringa, wenye jina la Samora Machel, ni mali ya Chama Cha Mapinduzi. Viwanja hivi Chama kimevipata katika miaka ya chama kimoja, wakati ambapo jasho la mwanachama na jasho la mwananchi halikutenganishwa. Kwa hiyo klabu ya Mbeya ikilipa sehemu ya viingilio kwa uwanja, inailipa nyumba yetu. Ni haki uwanja upate cha kutunza majani na vyoo. Na wanachama wa Mbeya wanajua kwamba vyoo vinahitaji zaidi ya kutunzwa. Lakini hesabu hiyo ibandikwe ukutani baada ya kila mchezo: kiasi gani kimeingia, kiasi gani kimechukuliwa na uwanja, kiasi gani kimekwenda kwa klabu. Na klabu itakayokuwa ya wanachama wenyewe kwa hisa, ipunguziwe. Kama twawaambia wengine kwamba timu ni mali ya watu, haifai sisi tuwe wa kwanza kuikamua.

Ndugu zetu wa mpira wa kikapu nao wasikie, maana ligi yao ya taifa ingali changa, na vijana wa shule za sekondari za Mbeya na Iringa wanazidi kuuliza lini watapata timu ya kulipwa. Sisi tuliosoma katika shule za misheni tulikuta kitanzi cha chuma kimepigiliwa juu ya mti, na chini yake udongo uliokanyagwa hata ukang'aa. Tulidhani huo ndio mpira wa kikapu wenyewe. Wao wanataka sakafu na mataa, na wanastahili. Lakini wana bahati ambayo kandanda haikuipata: wanaweza kuandika katiba kabla ya kuandika jina la mfadhili.

Mbeya City wamerudi katika Ligi Kuu. Lipuli bado wana washabiki Iringa ambao hawajafua jezi ya 2019 kwa kuogopa rangi isitoke. Na Ubaruku uwanja uko pale pale, na siku za Jumapili vijana wa mashamba ya mpunga huuchezea. Tumewaandikia viongozi wa klabu, madiwani wa Jiji, na viongozi wa Chama wa mikoa yote miwili barua yenye maswali matatu: wanachama wenye kura ni wangapi, wachezaji wanadai miezi mingapi, na karatasi ya umiliki imeandikwa jina la nani. Majibu yao tutayachapa katika ukurasa huu huu, kwa kadiri yatakavyotufikia.